Kiraka na Mjadala: Mpangilio wa Orodha za Barua katika Programu Huria na Nafasi ya Kiswahili cha Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Mjini Baraka, kando ya Ghuba ya Burton katika Ziwa Tanganyika, mtu akisema kuwa atarudi "siku ya pili" ana maana ya Jumanne. Ng'ambo ya ziwa, mjini Kigoma, neno hilo hilo "pili" limo katika Jumapili, siku inayoitangulia Jumanne kwa siku mbili. Hesabu ya Baraka huanzia Jumatatu, ambayo ndiyo siku ya kwanza. Hesabu ya Kigoma huanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Wasemaji wa pande hizo mbili wamezoea tofauti hii, na wakikutana sokoni huulizana wakaelewana. Simu na kompyuta haziulizi. Hizo husoma jedwali lililoandikwa na mtu fulani mahali fulani, na kulirudia kwa kila mtumiaji kama lilivyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu na majedwali ya namna hiyo yanavyosahihishwa na watu walio mbalimbali, wasioonana, hasa kwa njia ya orodha za barua pepe. Kwanza itaelezwa dhana ya kiraka. Kisha yataangaliwa matatizo yaliyowafanya watengenezaji wa programu huria kutenga njia ya viraka na njia ya mjadala. Mwishoni utazingatiwa mfano wa Kiswahili cha wilaya ya Fizi, katika Kivu ya Kusini. Hoja ya makala ni kwamba utengaji huo si suala la ufundi tu. Ndio unaoamua kama msemaji wa pembezoni anaweza kuisahihisha mashine inayodai kusema lugha yake.

2.0 Programu huria na dhana ya kiraka

Kila programu ya kompyuta huandikwa kwanza kama matini, yaani mistari ya maagizo ambayo binadamu anaweza kuisoma. Matini hayo huitwa msimbo. Katika programu nyingi za kibiashara msimbo hufichwa, na mnunuzi hupewa tu kile ambacho mashine inakielewa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuusoma, kuubadili na kuwagawia wengine. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa msingi huo mwaka 1983, na leseni ya GPL ilitolewa mwaka 1989. Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Linux.

Ruhusa ya kubadili haitoshi bila njia ya kuyafikisha mabadiliko kwa wenzako. Msimbo unaweza kuwa na maelfu ya mistari, na anayesahihisha mitatu hawezi kumpelekea mwenzake matini yote na kumwacha atafute kilichobadilika. Hapo ndipo linapokuja suala la kiraka. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu ndogo ambayo hupokea orodha ya tofauti baina ya matini mawili na kuyashonea marekebisho mahali panapohusika. Jina aliloipa lina maana hiyo hiyo ya kiraka kinachoshonwa juu ya nguo iliyochanika.

Kiraka huandikwa kwa namna rahisi. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na unaoingizwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Kwa mfano:

- mwezi wa tatu
+ mwezi ya tatu

Msomaji yeyote, hata asiyejua lugha ya anayetuma, ataona mara moja kilichotolewa na kilichowekwa. Asichoweza kukiona ni sababu. Kwa nini ngeli iliyozoeleka vitabuni iachwe? Ni kosa la uchapaji, au ndivyo wasemaji wa mahali fulani wasemavyo? Kiraka ni pendekezo lililokamilika ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Mjadala ni mazungumzo yanayotafuta pendekezo hilo, au yanayolipima. Vitu hivi viwili huhitajiana, lakini haviendi kwa mwendo mmoja.

3.0 Penye wengi na manahodha wengi

Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Husema pia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Historia ya programu huria ni historia ya kujaribu kuzitii methali zote mbili kwa pamoja.

Mfano wa kwanza ni programu ya Apache, ambayo kazi yake ni kuwapelekea wasomaji kurasa za mtandao. Chanzo chake kilikuwa programu ya Rob McCool katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. McCool alipoondoka mwaka 1994, wasimamizi wa kompyuta katika nchi mbalimbali walibaki kila mmoja na viraka vyake mwenyewe. Mwezi Februari 1995 kikundi cha watu wanane kiliunganisha viraka hivyo kwa njia ya orodha moja ya barua pepe, na toleo la kwanza likatoka mwezi Aprili mwaka huo. Kwa kuwa hawakuwa na mkubwa wala ofisi, walijiwekea utaratibu wa kupiga kura kwa barua: alama ya kujumlisha moja kwa anayekubali, sifuri kwa asiye na msimamo, na alama ya kutoa moja kwa anayepinga. Badiliko lilihitaji kura tatu za kukubali. Kura moja ya kupinga ililizuia, ila aliyepinga alilazimika kutoa sababu ya kiufundi. Kwa kanuni hiyo mjadala uliruhusiwa kuwa mrefu, lakini mwisho wake ulijulikana.

Mfano wa pili ni Linux, ambayo ilipitia njia yenye maumivu zaidi. Kwa miaka kadhaa viraka vyote vililenga mtu mmoja, Torvalds. Kadiri watumaji walivyoongezeka, barua zilimzidi. Mwaka 1998 manung'uniko yalizuka kwamba viraka vilikuwa vinapotea bila jibu: mtumaji hakujua kama kazi yake imekataliwa, imesahauliwa au haijasomwa. Mzozo huo ulirudi mwezi Januari 2002, lilipotolewa pendekezo la kumteua mtu wa kukusanya viraka vilivyoachwa. Ufumbuzi haukupatikana kwa siku moja. Zilitafutwa zana za kutunza historia ya msimbo, na hatimaye mwaka 2005 Torvalds akaandika zana ya Git. Pia uliimarishwa utaratibu wa watunzaji. Kila sehemu ya msimbo ina mtunzaji wake na orodha yake ya barua, na majina hayo yamo katika faili moja ambalo kila mtu anaweza kulisoma kabla ya kutuma chochote.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichowaumiza watumaji zaidi kilikuwa ukimya. Anayekataliwa kwa sababu hujifunza na kurudi, asiyejibiwa huondoka.

4.0 Mpangilio wa orodha

Kutokana na uzoefu huo, mradi mkubwa wa programu huria kwa kawaida huwa na orodha za aina zifuatazo:

(a) Orodha ya matangazo, ambayo huandikwa na wachache na kusomwa na wote.
(b) Orodha ya watumiaji, mahali pa kuuliza na kusaidiwa.
(c) Orodha ya watengenezaji, mahali pa mjadala wa mwelekeo wa kazi.
(d) Orodha ya viraka, ambapo kila barua hubeba pendekezo linalohitaji uamuzi.
(e) Orodha ya taarifa, ambayo haiandikwi na mtu: mashine hutuma barua kila badiliko linapoingizwa.

Ikumbukwe kwamba kutenga hakulazimishi anwani mbili. Orodha nyingi za Linux hupokea viraka na mjadala kwa pamoja, na kinachotenganisha ni kichwa cha barua, ambacho huanza na neno la kiraka ndani ya mabano, namba ya toleo la kiraka, na nafasi yake katika mfululizo. Mtunzaji mwenye barua mia mbili asubuhi huweza kuchuja zile zinazomtaka afanye uamuzi. Aidha, kikundi cha watu watano kikijigawia orodha tano kitajikuta kina vyumba vitano vitupu. Ni vyema kuanza na orodha moja yenye kanuni, na kuigawa pale mjadala unapoanza kuvizika viraka.

Kanuni zenyewe si nyingi. Kiraka kimoja kibebe badiliko moja, ili kukataliwa kwa moja kusizuie jingine. Maelezo yaseme kwa nini, kwa kuwa mistari yenyewe inasema nini. Barua iwe ya maandishi matupu, bila mapambo, ili mashine iweze kukishona kiraka moja kwa moja. Anayejibu aandike chini ya mstari anaoujibu, wala si juu ya barua nzima. Tangu mwaka 2004 mtumaji wa kiraka cha Linux hutakiwa pia kuweka sahihi inayothibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Mwisho, barua zote zihifadhiwe mahali pa wazi. Hifadhi hiyo ndiyo kumbukumbu ya kikundi: anayeuliza miaka kumi baadaye kwa nini neno fulani lilichaguliwa huonyeshwa barua, tarehe na hoja.

Siku hizi miradi mingi imehamia kwenye tovuti kama GitHub, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo kiraka na majibizano yake hukaa katika ukurasa mmoja. Hata hivyo, kazi ya kiini cha Linux bado hufanywa kwa barua pepe. Kwa mahali kama Fizi, ambako umeme na mtandao havina uhakika, barua ina faida ya pekee: huandikwa bila mtandao, ikasubiri, na kutumwa mawasiliano yanaporudi.

5.0 Mfano wa zamani: Kamati ya 1930

Wanafunzi wa Kiswahili hawana sababu ya kuuona utaratibu huu kuwa mgeni. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamati iliwakilisha nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sehemu kubwa ya shughuli zake ilifanywa kwa barua. Miswada ya vitabu ilitumwa kwa wasomaji, ikarudi na masahihisho, na maswali ya msamiati na tahajia yakajibiwa. Jarida la Kamati lilikuwa mahali pa kutangaza yaliyoamuliwa na kupokea maoni. Mwaka 1964 kazi hiyo ilirithiwa na Taasisi iliyokuwa sehemu ya chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa lugha ya makala haya, mswada uliosahihishwa ulikuwa kiraka, jarida lilikuwa orodha ya mjadala na taarifa, na katibu alikuwa mtunzaji. Kasoro pia zinafanana. Wajumbe wa mwanzo walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Wasemaji wenyewe hawakuwemo. Kongo ya Kibelgiji haikuwa miongoni mwa nchi nne, hivyo Kiswahili cha Fizi hakikuwa na msomaji wala anwani. Usanifishaji uliamuliwa bila wasemaji wake, na matokeo yakawafikia kupitia vitabu, kisha redio, na sasa simu.

6.0 Kiswahili cha Fizi na Baraka katika majedwali ya mashine

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Wilayani Fizi wengi hukitumia sambamba na Kibembe, na shule na ofisi huongeza Kifaransa. Katika mfumo wa kimataifa wa alama za lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, iliyo tofauti na swh ya Kiswahili cha pwani.

Majina ya siku, miezi na namna ya kuandika namba katika simu na kompyuta nyingi hutoka katika hazina ya data iitwayo CLDR, inayoendeshwa na shirika la Unicode. Katika toleo la awali la jedwali la swc Jumapili iliitwa siku ya yenga, Jumatatu siku ya kwanza, Alhamisi siku ya ine. Mwezi Machi ulikuwa "mwezi ya tatu", Agosti "mwezi ya munane". Saa za kabla ya adhuhuri zilikuwa za "asubuyi" na za baadaye za "muchana". Baadaye jedwali hilo liliondolewa kama lugha ya peke yake, likawa tawi la Kiswahili kwa nchi ya Kongo. Kiufundi, tawi hurithi: mstari usiojazwa na watu wa Kongo hujazwa na shina, yaani Kiswahili Sanifu. Ukimya wa Baraka husomeka kama ridhaa.

Hazina hii hukusanya masahihisho kwa jukwaa la kura badala ya orodha ya barua, na kura za taasisi wanachama zina uzito kuliko za mgeni mmoja. Hata hivyo mgawanyo ni ule ule: kuna pendekezo linaloamuliwa, na kuna mazungumzo yanayoandamana nalo. Mifano mitatu itaonyesha jinsi ya kuvitofautisha.

Mfano wa kwanza ni alama za namba. Kwa mazoea ya Kifaransa, nchini Kongo koma hutenga desimali, wakati Tanzania na Kenya koma hutenga maelfu. Maandishi 1,500 ni elfu moja na mia tano kwa mfanyabiashara wa Kigoma, lakini yanaweza kusomwa moja na nusu na mhasibu wa Baraka. Jambo hili halina mabishano. Linahitaji kiraka cha mstari mmoja na ushahidi wa maandishi ya nchi.

Mfano wa pili ni tahajia ya "asubuyi" na "muchana". Hapa kiraka kingekuwa haraka mno. Maumbo hayo yanaonyesha sifa halisi za matamshi: kudhoofika kwa h na kubaki kwa irabu ya kiambishi mu-. Lakini je, matamshi ndiyo yaandikwe? Mwanafunzi wa Fizi anayesoma vitabu vya Kiswahili Sanifu hukutana na "asubuhi" na "mchana". Wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi mwaka 1974 kuzungumzia maandishi ya lugha za taifa, na maswali ya aina hiyo bado yanahitaji hoja, data na uvumilivu. Huu ni mjadala.

Mfano wa tatu ni majina ya siku, ambao ndio mgumu na wenye uzito. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi wa wakazi wake Wakongo walitoka Kivu ya Kusini, Fizi ikiwemo. Watu hao wanaishi katika hesabu mbili za juma. Tuchukue mama aliyeambiwa amrudishe mtoto kliniki "siku ya tatu". Kwa kalenda ya kwao ni Jumatano; muuguzi anayeifikiria Jumatatu atamsubiri siku mbili kabla. Kuondoa majina ya Kongo kwenye jedwali hakuiondoi hesabu hiyo vinywani mwa watu. Kuyaweka bila kujadiliana kunaweza kuwachanganya waliokwisha kuizoea kalenda ya shule. Njia ya haki ni mjadala kwanza, ushahidi wa matumizi kutoka Fizi, Baraka na Uvira, kisha kiraka cha mistari saba chenye maelezo yanayouelekeza usomaji kwenye mjadala huo.

Hapa ndipo faida kubwa ya kutenga inapoonekana. Lugha ya miradi mingi ya programu huria ni Kiingereza, na hicho ni kizuizi kwa mwalimu wa Fizi aliyesomea Kifaransa. Lakini kiraka chenyewe hakihitaji Kiingereza kingi: alama ya kutoa na ya kujumlisha husomwa na wote, na sentensi mbili za maelezo zinatosha. Kinachohitaji lugha pana ni mjadala, na mjadala unaweza kufanywa kwa Kiswahili, hata kile cha Baraka, katika orodha yake yenyewe. Mtu mmoja au wawili wakikabidhiwa kazi ya kupeleka viraka nje, wengine wote watabaki huru kuhojiana katika lugha wanayoijua. Orodha zikichanganywa, anayejua Kiingereza peke yake ndiye atakayesikika katika zote mbili.

Kazi ya namna hii imewahi kufanywa. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ulionyesha kwamba chuo kikuu cha Afrika Mashariki kinaweza kuwa mtunzaji, na kwamba istilahi huiva zinapowekwa mbele ya watumiaji. Ushindani wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, au wa nywila na nenosiri, haukumalizwa na kamusi. Unamalizwa polepole na yule anayetuma mstari, akajibiwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba orodha za barua katika programu huria zilipangwa ili wengi waweze kusema bila chombo kwenda mrama. Mjadala ulipewa nafasi yake, kiraka kikapewa njia yake, na vyote viwili vikapewa kumbukumbu ya wazi. Imeonyeshwa pia kwamba adui wa utaratibu huo ni ukimya: ukimya wa mtunzaji asiyejibu, na ukimya wa msemaji asiyetuma.

Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo ina makao yake Zanzibar. Kwa hiyo, tofauti na mwaka 1930, Kiswahili cha Kongo kina mlango wa kubisha. Idara za Kiswahili na za isimu, hasa zile za Kongo ya Mashariki, zinaweza kuanza na hatua ndogo: orodha moja ya mjadala kwa Kiswahili, mkusanyo wa matumizi halisi ya majina ya siku na namba, na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kuandika kiraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jedwali la siku saba ni ufa mdogo, na mistari ya kuuziba haizidi saba.